Farasi wa Kwenye Simu

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimejiandikisha kujifunza kupanda farasi. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia, na nikimwambia dada yangu atanipeleka hospitali nikapimwe kichwa.

Sababu ni simu. Mwanangu yuko ng'ambo, anatunza farasi na kuwapanda mashindanoni, na kila Jumapili hupiga. Zamani simu ile ilikuwa ya mama yake. Wao walizungumza farasi mpaka chai inapoa, na mimi nilisalimiwa mwishoni. "Baba hajambo?" "Hajambo, huyu hapa anasinzia." Nami nainua mkono pale kwenye kiti, kana kwamba mtoto ananiona. Basi, zamu yangu ilikuwa imekwisha.

Tangu tulipomzika mama yake mwaka jana, simu ni yangu. Mwanangu hunisimulia habari za Tausi, farasi jike anayempanda. Tausi ameruka hivi, Tausi ameringa vile. Mimi husema, "Hongera, mwanangu." Naye husema, "Asante, Baba." Kisha tunasikilizana tukipumua. Jumapili iliyopita kaniambia Tausi amepata sitini na nane, nikasema pole. Kumbe sitini na nane ni ushindi.

Ndiyo maana leo nimekwenda klabu ya farasi, kule nyuma ya bohari ya saruji. Kwenye lango wamebandika tangazo: darasa la watu wazima, utangulizi wa michezo ya farasi, Jumamosi asubuhi. Mwalimu ni mwanamke mrefu, mkavu, wa makamo. Aliangalia viatu vyangu kabla hajaniangalia uso.

"Mzee, umemleta mjukuu?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Unataka nini kwa farasi?"

"Mazoezi," nikasema.

Hakuamini. Lakini jina ameliandika.

Jumapili, 3 Machi

Amepiga. Tausi mzima. Nilitaka kumwambia kuhusu darasa, nikameza. Nitamwambia siku nitakayokuwa na la kusema.

Jumamosi, 9 Machi

Tuko watatu. Kuna daktari wa meno, mama mwenye kofia mpya na buti mpya, kila kitu kipya isipokuwa woga. Kuna kijana anayeoa mwezi wa tano na ameapa kufika kwa bibi harusi juu ya farasi. Tumeshaanza kumwita Bwana Harusi. Na mimi, fundi wa mafriji, mjane, ninayenuka gesi.

Mimi nimepewa Waziri. Ni farasi wa kijivu, mnene, mkubwa kuliko nilivyodhani kiumbe chochote kina haki ya kuwa. Nikamuuliza Mwalimu kwa nini anaitwa Waziri.

"Hafiki kwa wakati, na hafanyi kazi mpaka aangaliwe."

Leo hatukwenda popote. Tumesugua farasi kwa brashi, tumefunzwa tandiko linavyofungwa, mguu unavyoingizwa kwenye kikuku, na hatamu zinavyoshikwa, "kama umeshika mkono wa mtoto kuvuka barabara, si kama unamvuta mbuzi." Nilipanda kwa ngazi ya mbao. Kule juu kuna upepo wake wenyewe.

Mwalimu anasema kila Jumamosi atatueleza mchezo mmoja au miwili. "Mtu akiniambia anacheza farasi, hajaniambia kitu. Ni kama kusema unacheza mpira. Upi? Wa miguu? Wa kikapu?"

Ameanza na dresaji. Hapo farasi haruki wala hakimbizwi. Anatembea, anakwenda telki, yaani ule mwendo wa kudundadunda, anageuka, anasimama, vyote kwa madaha, na mpandaji asionekane akimwamrisha. Majaji hutoa alama kwa mia. Ukipita sitini na tano, unaweza kutembea kifua mbele.

Sitini na nane. Nami nilisema pole.

Jumapili, 10 Machi

Nimemuuliza, "Zile sitini na nane za Tausi, zilikuwa za dresaji?"

Akasema, "Ndiyo. Umejuaje, Baba?"

"Nilisikia redioni."

Akacheka kidogo. Nadhani amefurahi. Tulizungumza muda mrefu kuliko kawaida. Baada ya hapo nimefagia nyumba nzima, hata chini ya kitanda.

Jumatano, 13 Machi

Mvua zimeanza. Friji mbili, zote gesi imevuja.

Jumamosi, 16 Machi

Uwanja umejaa matope, tumefundishiwa ndani ya banda la mabati na mvua ikipiga juu mpaka Mwalimu anapayuka. Leo ni kuruka viunzi. Fito zimelazwa juu ya nguzo, na farasi anapita juu yake. Ukiangusha ufito, unapewa alama nne za makosa, na hapa alama ni aibu, kila mtu anatafuta sifuri. Yaani kwenye dresaji unaomba upewe nyingi, kwenye viunzi unaomba usipewe hata moja. Nimeyaandika kwenye kiganja kwa kalamu ili nisichanganye.

Mwalimu akaweka ufito mmoja chini kabisa, kimo cha kifundo cha mguu, tuuvuke kwa kutembea. Waziri alisimama akautazama kama mtu anayesoma mkataba. Daktari wa meno akafumba macho, farasi wake akavuka, akafumbua akauliza, "Bado?" Bwana Harusi hakutaka kutembea, akampiga farasi visigino, na farasi akaruka kweli. Bwana Harusi naye akaruka, ila upande mwingine.

"Hujambo?" Mwalimu akamuuliza. Hata hakuharakisha. Alimshika farasi kwanza, akampapasa miguu yote minne, ndipo akamgeukia mtu. Nikajisemea moyoni, huyu mama ana roho ya jiwe.

Jumapili, 17 Machi

Dada yangu kaja bila taarifa, kakuta suruali ya kupandia imeanikwa. Ikabidi niseme.

"Mdogo wangu, kila mtu na wazimu wake. Wako umepata miguu minne."

Akasema nitafute mke. Nikamwambia Waziri ni wa kiume. Hakucheka.

Mwanangu alipiga dada akiwa bado yupo. Nilimpa dada simu amsalimie. Nilikaa kwenye kiti nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, na kwa muda nikawa mtu wa zamani.

Jumamosi, 23 Machi

Bwana Harusi amekuja kuaga. Ataoa kwa gari.

Tumebaki wawili. Mwalimu kaeleza polo: timu mbili, wanne kwa wanne, rungu refu mkononi, mpira mdogo chini, na farasi wanabadilishwa kila kipindi kwa sababu hakuna anayestahimili mchezo mzima. Kisha kigari: farasi anavuta, dereva anapita katikati ya vizuizi bila kugusa. Kisha sarakasi: farasi anazunguka taratibu kwa kamba, na watu wanasimama, wanapiga magoti, wanabebana juu ya mgongo wake. Daktari wa meno akauliza kama kuna mchezo ambao mtu anakaa tu.

"Upo," Mwalimu akasema. "Unaitwa kutazama."

Jumapili, 24 Machi

Amepiga mapema leo, anasema yuko bandani anamlisha Tausi. Akanisimulia viunzi, sifuri ya makosa. Safari hii nilijua kwa nini nafurahi.

Lakini nyuma yake kulikuwa na sauti. Mngurumo wa chini, kisha mgongano wa chuma, kisha mngurumo tena. Nimeishi na sauti hiyo tangu ujana. Ile ni kompresa ya chumba cha baridi, kikubwa cha kuingia lori, na beringi zake za ndani zimeanza kuchoka.

Chumba cha baridi kinafanya nini kwenye banda la farasi? Labda wanahifadhi dawa. Labda karoti. Wenzetu wana kila kitu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Nimekula chakula cha jana nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 30 Machi

Daktari wa meno hakuja. Katuma ujumbe: mafua, matope, mume. Nimebaki peke yangu. Nilidhani Mwalimu atalifuta darasa, lakini alimtoa Waziri kama kawaida na kueleza kwa sauti ileile ya kuwaelezea watu wengi.

Leo ni mbio za masafa marefu. Hizo si za dakika, ni za kutwa nzima. Kilomita themanini, mia na ishirini, mia na sitini, milimani, mabondeni. Lakini mshindi si anayefika tu. Njiani kuna vituo, na kwenye kila kituo daktari wa mifugo anasikiliza moyo wa farasi na kumtazama anavyotembea. Moyo usipotulia, au akichechemea, safari yake imekwishia hapo, hata kama aliongoza. Na farasi aliyemaliza masafa hayo sheria humlazimisha apumzike siku nyingi.

"Hata akionekana mzima?"

"Hasa akionekana mzima. Farasi anaficha maumivu, Mzee. Porini anayechechemea ndiye anayeliwa."

Akanipa kile kifaa cha masikioni cha daktari nimsikilize Waziri nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Moyo wake unakwenda polepole mno. Unapiga, na unadhani umesimama, halafu unapiga tena. Nilikaa pale nimeinama kwa muda. Ni kitambo sijasikiliza moyo wa kiumbe kingine. Mwalimu hakunihimiza. Aligeuka akajifanya anapanga ndoo.

Jumapili, 31 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alipiga. Sauti yake nzito, kama aliyekosa usingizi. Akaanza kusimulia, haraka, kama mtu anayemaliza kazi.

"Jana tulikuwa na mbio za masafa marefu, Baba. Kilomita mia na ishirini. Tausi kamaliza wa tatu. Na leo asubuhi tena tumeruka viunzi, safi kabisa, kikombe tunacho."

Hapo zamani ningesema hongera. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Leo asubuhi?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Tausi yuleyule?"

"Ndiyo, Baba. Kwani?"

"Mwanangu, farasi aliyekimbia kilomita mia na ishirini jana, leo si yuko mapumzikoni? Si ndiyo sheria?"

Nyuma yake ile kompresa ikanguruma, ikagonga.

"Na hapo ulipo ni wapi?" nikasema. Niliuliza kwa upole. Nafikiri niliuliza kwa upole.

"Mtandao unasumbua," akasema. "Baba? Baba, sikusikii."

Mimi nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Simu ikakatika.

Nilikwenda klabuni kwa ajili yake. Nimenyeshewa na mvua, nimechubuka mapaja kwa ajili yake, ili nijue maana ya maneno yake. Na sasa nimeyajua, na maneno yenyewe hayana kitu ndani.

Jumapili, 7 Aprili

Hakupiga.

Jumatano, 10 Aprili

Mteja kaleta friji akilalamika inapiga kelele. Nimemwambia friji nzima hunong'ona, ikianza kupaza sauti ina jambo, na ikinyamaza kabisa ndipo uogope. Akasema, "Fundi, leo una maneno." Kweli. Alikuwa mtu wa kwanza kuongea naye tangu Jumamosi.

Jumapili, 14 Aprili

Hakupiga. Dada anasema watoto wa ng'ambo ndivyo walivyo, wakishazoea baridi na wao wanapoa. Nilimjibu vibaya. Ameondoka bila kumaliza chai.

Jioni niliketi na simu mapajani. Siku zote yeye ndiye hupiga. Sijawahi kupiga mimi, na sijui mtu anaanzaje.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimeanguka.

Nilikuwa kwenye telki, mawazo hayapo, Waziri akashtuka kwa bati lililopigwa na upepo, nikajikuta chini natazama mapaa. Matope yalinipokea vizuri. Mwalimu alikimbia. Kwanza akamshika Waziri, akampapasa miguu. Kisha akaja kwangu.

Alinikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniletea chai. Anaishi hapohapo, chumba kimoja juu ya ghala la nyasi. Niliona kikombe kilikuwa ndicho pekee, kwa maana yeye hakunywa mpaka nilipomaliza.

"Samahani," akasema. "Watu wanadhani nawajali farasi kuliko wao."

"Mimi nilidhani hivyo."

"Nilikuwa naruka viunzi. Miaka mingi. Kisha nikaacha."

"Ulianguka?"

"Farasi ndiye aliyeanguka. Mimi nilisimama, nikajikung'uta vumbi." Alizungusha kikombe mikononi. "Watu wote walikuja mbio kuuliza nani ameumia. Ukiwaambia ni farasi, wanashukuru Mungu. Kila mtu alinishukuria Mungu, Mzee. Hapakuwa na hata mmoja wa kunipa pole."

Mvua iliongezeka juu ya mabati. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, mpanda farasi akiacha ghafla na asiseme, huwa kwa nini.

"Ni binti yako?" akasema.

Sikuwahi kumwambia nina binti. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi usimuulize kwa nini ameacha. Muulize farasi yuko wapi."

Jumatano, 24 Aprili

Nimepiga. Mchana, karakana ikiwa tupu, nimekaa kati ya friji mbili zilizofunguliwa milango. Aliitikia mlio wa kwanza.

"Baba? Kuna nini? Nani kafariki?"

Ndivyo tulivyo, simu isiyo ya siku yake ni msiba.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Huku wote wazima."

Nilisikia kompresa. Nilisikia mkokoteni wa magurudumu, na mtu akipaza sauti kwa lugha nisiyoijua.

"Huku ndiko," akasema. "Huku ndiko kuna aliyekufa, Baba."

Nikasema, "Pole sana, mwanangu."

Sikusema kingine. Nilikuwa nimefikiria maswali asubuhi nzima, na nilipolisema hilo neno yote yakatoka kichwani. Akalia. Si kilio cha kwenye msiba, ni kile cha mtu anayejaribu wenzake wasimsikie. Nikangoja. Kungoja naweza.

Akanieleza kidogokidogo. Ilikuwa juma lilelile aliporudi kutoka kumzika mama yake. Si mashindano hata, ni mazoezi tu, kiunzi ambacho Tausi alikuwa akikiruka kila siku. Alikosea hatua. Mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alikuja na hakukaa muda mrefu. Mwanangu alikuwa amekishika kichwa cha Tausi. Baada ya hapo walimpa farasi mwingine, akaweka mguu kwenye kikuku, mguu ukakataa kunyanyuka. Kesho yake ukakataa tena. Mwishowe akaacha, akapata kazi kwenye ghala la mboga za kugandisha. Anafunga njegere kwenye mifuko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kuzika, Baba. Nikuletee msiba wa pili?"

"Ningeubeba."

"Na simu je?" akasema. "Mimi na wewe tungezungumza nini? Tangu utoto wangu hatujawahi kuzungumza sisi wawili, Mama ndiye alikuwa katikati. Nikakupa Tausi. Nikitaja Tausi sauti yako inachangamka, unasema hongera. Nikaona bora uwe na yeye."

Mimi sikuwa nikimshangilia Tausi. Nilikuwa nikishangilia sauti ya mwanangu. Mwaka mzima nimekuwa nikimpa hongera maiti, naye akiipokea kwa niaba yake, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye njaa ya farasi. Nilipata hasira kidogo, siwezi kusema sikupata. Kisha nikamfikiria huko kwenye baridi, kila Jumapili akitunga mashindano wakati wa mapumziko yake mafupi, amevaa glavu, ili mzee wake apate la kusikiliza.

"Na wewe," akauliza, "mambo ya masafa marefu umeyajulia wapi? Usiniambie redioni."

Nikamwambia. Klabu, Waziri, matope, jinsi nilivyotazama mapaa.

"Wewe?" akasema. "Wewe unayemwogopa paka?"

"Paka haeleweki. Farasi angalau anasema."

Nikasikia pumzi ikimtoka, nusu kicheko. Kengele ikalia huko kwake. Akasema lazima arudi kazini. Nikamwambia, waambie mafundi wenu beringi za ile kompresa zinakufa. Akasema, "Baba, hapa hakuna anayeniuliza kitu." Kisha akakata.

Jumapili, 28 Aprili

Kapiga. Tulikuwa kama wageni wawili kwenye chumba cha kungojea. Nikamuuliza glavu zake zina tabaka ngapi. Akasema mbili. Nikamwambia avae pamba ndani, mpira nje. Akasema sawa. Lakini hakutaja farasi wa uongo, na mimi sikusema hongera.

Jumamosi, 4 Mei

Mwalimu hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe, "Farasi alikufa." Akasimamisha brashi juu ya mgongo wa Waziri. "Mwambie pole," akasema. "Mwambie imetoka kwa mtu anayejua."

Jumapili, 5 Mei

Nimemfikishia. Akauliza huyo Mwalimu ana umri gani, alikuwa akiruka kimo gani, anaishi na nani. Nikasema anaishi peke yake juu ya ghala. "Ah," akasema, kama mtu aliyeelezwa njia ya nyumbani kwake.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua zinapungua. Dada amerudi, na maandazi kwenye kitambaa, hakusema lolote kuhusu siku ile na mimi pia sikusema. Aliuliza tu, "Yule Waziri hajambo?"

Jumamosi, 11 Mei

Kutakuwa na mashindano madogo ya kufunga msimu. Wakubwa wataruka viunzi. Sisi wa utangulizi tutafanya dresaji: kutembea, telki, duara, kusimama, kumsalimu jaji. Mwalimu anasema daktari wa meno ameahidi kurudi.

Jumanne, 14 Mei

Jumapili hakupiga, zamu zimebadilika. Aliandika ujumbe: "Nimechoka Baba, nitapiga kesho." Hakupiga kesho yake pia. Sikukasirika. Zamani Jumapili ilikuwa na simu hata kama simu yenyewe ilikuwa uongo. Sasa kuna ukweli na siku ni ndefu.

Jumamosi, 18 Mei

Mazoezi. Waziri alikwenda telki uwanja mzima bila kuangaliwa. Mwalimu akasema, "Ameacha siasa."

Jumamosi, 25 Mei

Jua. Uwanja umekauka, umechorwa mistari ya chokaa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka, familia za wale wanaoruka, na viti vya plastiki, na watoto wakipigania kivuli. Nilitafuta uso ninaoujua. Dada alisema atakuja, kisha goti lake likasema haliji.

Nilivaa shati jeupe, lile nililovaa siku ya kumzika mke wangu. Sina jingine jeupe. Mwalimu alinifunga kamba ya kofia chini ya kidevu kama anamfunga mtoto, akasema, "Usimtazame jaji. Tazama kati ya masikio ya farasi. Huko ndiko unakokwenda."

Nikaingia. Tulitembea. Duara langu lilikuwa na pembe. Kwenye telki nilidunda kama gunia mpaka kona ya pili, halafu sijui kilitokea nini, mgongo wangu ukaelewana na wake, na kwa upande mmoja mzima wa uwanja hatukuwa na kelele. Nilisikia kwato tu. Nilifika katikati, nikamsimamisha, akasimama. Nikainamisha kichwa. Watu wachache wakapiga makofi, wale waliokuwa hawali.

Wakatangaza jina langu kwenye kipaza sauti, nikapewa utepe. Baadaye kila familia ikamzunguka mtu wake, wakipiga picha. Mimi nilimrudisha Waziri bandani, nikamvua tandiko, nikamfuta jasho. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha nikampigia mwanangu.

Alikuwa chumbani kwake, ametoka zamu. Hapakuwa na mngurumo, palikuwa kimya kabisa.

"Nimeshindana," nikasema.

"Mashindano gani?"

"Dresaji. Wa utangulizi."

Nilisikia akikaa vizuri, kitanda kikalia. "Haya, niambie. Duara?"

"Lilikuwa na pembe."

"Kusimama?"

"Alisimama miguu sawa, yote minne."

"Kweli?"

"Kweli. Siongezi kitu."

"Umekuwa wa ngapi, Baba?"

"Wa kwanza."

Akapiga ukelele. Ule ukelele wa zamani, aliokuwa akimpigia mama yake, mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kisha akatulia. Mtoto huyu ameishi mashindanoni, anajua swali linalofuata.

"Mlikuwa wangapi?"

Waziri alikuwa anatafuna nyasi karibu na bega langu. Nje walikuwa wanaita majina ya watu wengine.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema.

Alicheka. Alicheka sana, nami nikacheka, mpaka tumbo likauma. Kisha kicheko chake kikageuka katikati, kikawa kitu kingine, na akaniambia kwa sauti ndogo, "Mimi pia, Baba. Mimi pia."

Sikumwambia hongera wala pole. Nilisema nipo. Akasema anajua. Tukakaa hivyo, kila mmoja kwake, mpaka salio likaisha.